Laptopu ya zamani na Windows 11: soma namba ya prosesa kabla hujatoa hela

Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu yenye mfumo huo inaendelea kuwaka, Word inafunguka na WhatsApp ya kwenye kivinjari inapokea meseji kama kawaida, ila matundu mapya ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena kwa njia iliyozoeleka. Ndiyo maana mafundi wa Kariakoo, Posta na Mwenge wanaulizwa swali lilelile kutwa: hii mashine yangu itabeba Windows 11? Mara nyingi jibu hutolewa kwa kuitazama laptopu kwa nje, na hapo ndipo hela inapopotea. Mmoja anashauriwa kununua mashine nyingine wakati yake ilihitaji tu kuwashiwa kitu kimoja ndani ya BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Mwingine anaongezewa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na SSD (diski ya kasi) kwenye mashine ambayo prosesa yake haimo kabisa kwenye orodha ya Microsoft.

Prosesa ndiyo yenye kauli ya mwisho. RAM inaongezwa, diski inabadilishwa, TPM, yaani chipu ya usalama, inawashwa, hata mpangilio wa diski unageuzwa. Prosesa ya laptopu nyingi imechomelewa kwenye mazabodi na haitoki. Anza nayo, na usishike bisibisi mpaka uijue.

Kusoma prosesa

Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Tafuta mstari wa Processor. Utaona kitu kama i5-6300U au i5-8350U. Tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi: 6300U ni kizazi cha 6, 8350U ni cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: i5-10210U ni kizazi cha 10. Zile zenye herufi G katikati, kama i5-1135G7, nazo soma mbili za mwanzo, yaani kizazi cha 11. Namba ya tarakimu tatu tu, kama i5 520M, ni kizazi cha kwanza kabisa.

Kwa Intel, mpaka upo kwenye kizazi cha 8. Kuanzia hapo kwenda juu inakubalika. Cha 7 kwenda chini haikubaliki, isipokuwa prosesa chache sana ambazo huenda usikutane nazo dukani. Usidanganywe na i3, i5 na i7. Muuzaji akikwambia, "Bosi, hii ni i7, inabeba kila kitu," mjibu, "Sawa kaka, fungua msinfo32 tuione." Ikiwa ni i7-4600U, imepitwa na i3-8130U: hiyo i3 inapita kwa Microsoft na hiyo i7 haipiti.

Celeron na Pentium hazifuati hesabu hiyo. Celeron N4000, N4020 na N4100 zimo kwenye orodha. N3060 na N3350 hazimo. Lakini hata zile zinazopita huwa zimewekwa kwenye mashine ndogo zenye RAM ya GB 4 iliyochomelewa na hifadhi ya eMMC ya GB 32 au 64, nayo imechomelewa. Windows 11 inadai hifadhi ya GB 64 na RAM ya GB 4 kwa uchache. Yenye GB 32 haipiti; yenye GB 64 inapita kwenye karatasi, kisha inakutesa kila sasisho linapokuja kwa sababu nafasi haitoshi. Sisi tungeiacha.

Kwa AMD, tafuta neno Ryzen na namba. Za laptopu hesabia kuanzia Ryzen 3000. Ryzen 5 2500U inawakwaza wengi maana inaonekana mpya, nayo haimo. Zile za A6, A8, A10 na E2 zote zimeachwa nje.

Ukitaka kukadiria kwa jina la mashine, hizi ndizo zinazojaa kwenye maduka ya used hapa Dar. HP EliteBook 840 G1 ni kizazi cha 4, G2 cha 5, G3 cha 6, G4 cha 7, G5 kwa kawaida cha 8, G6 cha 8. ThinkPad T450 ni cha 5, T460 cha 6, T470 ni cha 6 au cha 7, T480 kwa kawaida ni cha 8. Dell Latitude E7470 ni cha 6, 7480 ni cha 6 au 7, 7490 kwa kawaida ni cha 8. Neno "kwa kawaida" lina uzito wake, kwa sababu baadhi ya EliteBook 840 G5 zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7, i5-7300U kwa mfano. Kibandiko cha G5 kisikutoshe.

Na kwa nini cha 8, wakati EliteBook 840 G3 yenye SSD inafungua kila kitu kwa wepesi? Mpaka haukuwekwa kwa ajili ya kasi. Windows 11 imejengwa juu ya ulinzi unaotumia uwezo wa prosesa kutenga sehemu ya kumbukumbu, na kipengele chake kimojawapo kinaitwa Memory integrity. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 kurudi nyuma hazina kifaa cha ndani kinachoifanya kazi hiyo iwe nyepesi, hivyo mfumo huiigiza kwa programu, na mashine inapungua kasi. Hilo kumbuka, litarudi tutakapofika kwenye kuingiza kwa lazima.

TPM na Secure Boot: vitu vinavyozimwa, si vinavyokosekana

Bonyeza tena Windows na R, andika `tpm.msc`. Ukiona Specification Version 2.0, umemaliza. Ukiona ujumbe kwamba TPM haikupatikana, usikate tamaa. Kwenye laptopu za biashara za miaka ya 2016 kuendelea maana yake kwa kawaida ni kwamba imezimwa ndani ya BIOS. Ukiona 1.2, baadhi ya mashine hupandishwa hadi 2.0 kwa programu ya mtengenezaji mwenyewe. HP walitoa programu hiyo kwa EliteBook za kipindi cha G3, na Dell kwa Latitude za kipindi cha E7470. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji tu, kwa modeli yako hasa.

Kabla hujagusa chochote ndani ya BIOS, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi uandike:

`manage-bde -status`

Ikisema Protection On, chukua ufunguo wa kuokoa data wenye tarakimu 48:

`manage-bde -protectors -get C:`

Uandike kwenye daftari au upige picha kwa simu. Ukiuhifadhi kwenye diski hiyohiyo umejifungia nje na funguo ziko ndani. Kisha simamisha ulinzi kwa muda:

`manage-bde -protectors -disable C:`

Ukibadilisha mipangilio ya TPM bila kufanya hivi, laptopu itawaka na skrini ya buluu inayodai tarakimu hizo 48. Kama huna, na hazipo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika, data imekwenda. Hakuna fundi anayeifungua, hata akikuahidi.

Sasa ingia BIOS. HP ni F10 mara tu inapowaka, Dell F2, ThinkPad F1, Acer na Asus mara nyingi F2. Kwenye HP tafuta TPM Embedded Security chini ya Security, uweke Available na uiwashe. Dell wanaiita TPM 2.0 Security. Lenovo wanaiita Security Chip. Laptopu za nyumbani zenye Intel zinaweza kuandika Intel PTT, na za AMD zikaandika fTPM. Hapo utaona pia chaguo la Clear TPM. Liache, kwa sababu hilo ndilo linalofuta funguo.

Secure Boot, ulinzi unaozuia programu isiyoaminika kuwaka kabla ya Windows, ina masharti yake. Rudi `msinfo32` usome mstari wa BIOS Mode. Ukiona UEFI, yaani njia mpya ya kuwasha mashine, washa Secure Boot kwenye BIOS na suala limeisha. Ukiona Legacy, usiguse BIOS kwanza. Mafundi wengi wameingiza Windows kwa njia ya zamani, diski ikawa na mpangilio wa MBR, na ukibadili BIOS kwenda UEFI kabla ya kugeuza diski, mashine itakwambia haina diski ya kuwakia. Geuza diski kwanza:

`mbr2gpt /validate /allowFullOS`

Ikikubali, endelea:

`mbr2gpt /convert /allowFullOS`

Ikimaliza, zima, ingia BIOS moja kwa moja, badili Legacy kuwa UEFI, ndipo uwashe. Data haifutiki kwenye hatua hii, ila nakala ya mafaili yako iwe tayari pembeni. Mpangilio wa diski si kitu cha kuchezea umeme ukiwa unacheza.

Hatua ya validate inakataa mara nyingi kwa sababu moja: diski imegawanywa C, D na E kwa mtindo uliozoeleka mtaani. Amri hii haikubali sehemu zaidi ya tatu za msingi, na haikubali sehemu zile zilizowekwa ndani ya sehemu nyingine. Hamisha mafaili ya D na E kwenye diski ya nje, zifute sehemu hizo kwa Disk Management, jaribu tena.

RAM na diski

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance. Upande wa Memory utaona jumla ya RAM na idadi ya sloti zilizotumika, mfano Slots used 1 of 2. Upande wa Disk utaona kama ni HDD au SSD.

Microsoft wanasema GB 4. Kwa kazi ya kweli, yaani Chrome yenye kurasa kadhaa, Word na WhatsApp kwa pamoja, GB 8 ndiyo sakafu. HDD, ile diski ya sahani inayozunguka, ni tatizo kubwa zaidi ya RAM ndogo: Windows 11 ikiwa juu yake, matumizi ya diski hukaa asilimia 100 kwa dakika nyingi baada ya kuwasha, na mtu anadhani ni virusi. Kama hela inatosha kitu kimoja, nunua SSD kwanza.

Nenda dukani na kile cha zamani mkononi. RAM yenye maandishi PC3L ni DDR3L, yenye PC4 ni DDR4, na haziingiliani. EliteBook 840 G1 na G2 zinatumia DDR3L ya volti 1.35, ukiuziwa DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 itaingia vizuri kwenye sloti, lakini mashine haitawaka au italia mlio. Kuanzia G3 ni DDR4. Baadhi ya laptopu nyembamba, kama ThinkPad X280 na X1 Carbon, zina RAM iliyochomelewa yote, hivyo ulichonunua ndicho utakachokufa nacho.

SSD zina sura kuu mbili: ile ya inchi 2.5 inayoingia mahali pa HDD, na M.2 iliyo kama kipande cha ubani. Hii ya pili nayo ina aina mbili ndani yake. Yenye mapengo mawili kwenye meno kwa kawaida ni SATA. Yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe. Mashine za kizazi cha 4 na cha 5 nyingi hazitawakia NVMe hata ikikaa. Soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kulipa, maana duka likishafungua boksi kurudisha ni ugomvi.

Ukinunua SSD used, iwekee CrystalDiskInfo palepale dukani. Itakuonyesha afya kwa asilimia na saa ilizotumika. Kwa RAM, endesha `mdsched.exe` ukiwa bado na risiti mkononi.

Umo kundi gani

Ukiwa na kizazi cha 8 au zaidi, TPM 2.0, UEFI na angalau GB 8, nenda moja kwa moja kwenye kupandisha. Microsoft wana programu yao ya kupima, PC Health Check, na inafaa kuthibitisha mwishoni.

Ukikwama kwenye prosesa tu, yaani uko kati ya kizazi cha 4 na cha 7, una njia tatu. Ya kwanza ni kubaki Windows 10 kwa muda ukiwa umejiandikisha kwenye masasisho ya nyongeza ya usalama, ambayo kwa watu binafsi yalitangazwa kufika 13 Oktoba 2026. Unaingia Settings, Windows Update, na kama mashine iko toleo la 22H2 utaona kiungo cha kujiandikisha; ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft huna haja ya kulipa dola 30. Ya pili ni kuingiza Windows 11 kwa lazima. Ya tatu ni Linux, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows.

Kizazi cha 3 kurudi nyuma kuna tatizo la ziada la michoro: draiva (programu zinazoendesha vifaa) za Intel HD 4000 na ndugu zake hazifikii kiwango cha WDDM 2.0 kinachodaiwa. Core 2 Duo ndiyo basi kabisa. Tangu toleo la 24H2 lililotoka Oktoba 2024, Windows 11 inadai maagizo ya SSE4.2 na POPCNT ndani ya prosesa, na Core 2 Duo haina. Hapo hakuna ujanja wa kuzunguka; haiwaki.

Kupandisha, hatua kwa hatua

1. Nakili mafaili kwenye diski ya nje. Usisahau Desktop na Downloads, ndiko watu wanakoweka kila kitu.

2. Angalia betri. Andika `powercfg /batteryreport` kwenye Command Prompt, fungua faili litakalotajwa, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Betri ikiwa imebaki na theluthi, ihesabu kama haipo, na ufanye kazi hii mahali penye jenereta au UPS. Umeme ukikatika katikati ya kupandisha Windows, mara nyingi mfumo hurudi ulikotoka. Ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, mazabodi inaweza kufa palepale.

3. Sasisha BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji, chaja ikiwa imechomekwa na betri ikiwa na chaji ya kutosha.

4. Acha nafasi. Diski C iwe na GB 30 tupu au zaidi. Kosa 0x80070070 maana yake nafasi imeisha.

5. Pakua faili la ISO la Windows 11 kutoka Microsoft. Ni zaidi ya GB 5, na baada ya kuingiza kuna masasisho mengine ya GB kadhaa, kwa hiyo usianze na bando la siku. Pakua usiku au kwenye Wi-Fi ya ofisi au chuo, na ukirudi nyumbani iwekee mtandao wa simu alama ya Metered connection ili Windows isiimalize bando yenyewe.

6. Hakikisha lugha na toleo vinafanana. Hapa mashine za mtumba kutoka Uingereza na Ujerumani huwashinda wengi. Andika `dism /online /get-intl` usome lugha ya mfumo. Ikiwa ni en-GB, pakua English International; ukichukua ya Marekani, chaguo la kubaki na programu zako litafifia na kubofya kwako hakutasaidia. Andika pia `winver`. Ikiwa imeandikwa Enterprise, mashine ilikuwa ya kampuni, ISO ya kawaida haitabakiza programu, na leseni hiyo haikuwa yako tangu mwanzo.

7. Bofya ISO mara mbili, endesha setup.exe, chagua kubaki na mafaili na programu. Chomoa printa, flashi na diski za nje. Kwenye SSD tegemea saa moja hivi. Kwenye HDD inaweza kula nusu siku.

Kosa linaloanza na 0xC1900101 karibu kila mara ni draiva. Ondoa antivirusi isiyo ya Windows, sasisha draiva za michoro na Wi-Fi, rudia. Kosa 0x800F0922 mara nyingi hutokana na sehemu ndogo ya kuwakia kujaa au mtandao kukatika.

Ukiona Windows 11 inakusumbua, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings, System, Recovery. Zinaongezwa hadi 60 kwa amri moja, ilimradi uiandike kabla ya hizo 10 kuisha:

`dism /online /set-osuninstallwindow /value:60`

Kuhusu leseni: Windows 10 halali huhamia Windows 11 bila malipo. Andika `slmgr /xpr`. Ikisema imewezeshwa kwa kudumu, vizuri. Ikitaja tarehe ya kuisha, uwezekano mkubwa ni kwamba fundi alitumia njia ya mkato, na itabidi utafute leseni. Nyingi ya EliteBook na ThinkPad zilitoka kiwandani na ufunguo ndani ya BIOS yenyewe. Fungua PowerShell:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ikitoa herufi na namba 25, na mashine ilikuja na Windows 10, huna haja ya kununua chochote. Funguo za Windows 7 na 8 hazisaidii tena. Microsoft walifunga mlango huo mwaka 2023.

Kuingiza kwa lazima

Kwa mashine ya kizazi cha 4 hadi cha 7 yenye TPM hata ya 1.2, andika hivi kwenye Command Prompt ya msimamizi kisha endesha setup.exe kama kawaida:

`reg add HKLM\SYSTEM\Setup\MoSetup /v AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU /t REG_DWORD /d 1 /f`

Utaletewa onyo kwamba mashine haistahili na huna haki ya masasisho. Ukikubali, inaendelea. Kwa kuingiza upya kabisa, tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Rufus. Ukibofya Start itakuuliza kama iondoe masharti ya RAM, Secure Boot na TPM. Flashi ipime kwanza kwa H2testw. Flashi zilizochakachuliwa, zinazodai GB 64 na ndani zina GB 8, zinaharibu mafaili kimyakimya, na uingizaji unakufa katikati kwa kosa lisiloeleweka.

Kinachotokea baadaye: masasisho ya kila mwezi kwa kawaida yanafika. Yale makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, hivyo unarudia zoezi la ISO. Kwenye kizazi cha 6 kurudi nyuma mashine ikiwa nzito, angalia Windows Security, Device security, Core isolation. Ukizima Memory integrity kasi inarudi, na umepunguza ulinzi. Kwa laptopu ya mwanafunzi ya kuandikia tasnifu tungesema sawa. Kwa kompyuta ya duka inayotunza hesabu na kuingia benki, hapana. Microsoft wanaweza kuifungia mlango siku yoyote, na siku hiyo itakuwa ya kufunga mahesabu.

Wi-Fi isipoonekana baada ya kuingiza upya, usianze kuhangaika na CD za draiva. Chomeka simu ya Android kwa waya, washa USB tethering, laptopu itapata intaneti na Windows Update itatafuta draiva iliyobaki.

Linux

Kwa Core 2 Duo yenye GB 4, au yeyote asiyetaka kuzungushana na Microsoft, Linux Mint 22 inapata masasisho hadi 2029. Chagua toleo la Xfce kwa mashine dhaifu. Iweke kwenye flashi na uiwashe bila kuingiza: HP bonyeza F9, Dell na ThinkPad F12. Hapo jaribu Wi-Fi, sauti, na hasa printa, maana printa ndiyo inayowarudisha watu Windows. LibreOffice inafungua faili za Word, ila barua yenye majedwali mengi itasogea kidogo. Programu za uhasibu za Windows hazitaingia. Kama ofisi inaishi humo, acha.

Kama umeamua kununua nyingine

Laptopu nyingi za used zilikuwa za makampuni ya nje, na baadhi hazijafutwa kwenye vitabu vyao. Dukani inawaka vizuri. Siku utakapoingiza Windows upya na kuunganisha intaneti, inatokea skrini yenye jina la kampuni usiyoijua ikidai barua pepe ya mfanyakazi. Kufuta diski hakusaidii, kwa sababu usajili uko kwenye seva na unaitambua mazabodi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba iwekwe Windows mpya mbele yako, iunganishwe na hotspoti ya simu yako, ifike hadi hatua ya kuandika jina. Inachukua muda, na muuzaji atanung'unika. Mwache.

Ingia BIOS pia. Ikidai pasiwedi na muuzaji haijui, rudisha. Kwenye EliteBook na ThinkPad pasiwedi hiyo haitoki kwa kuchomoa betri ndogo ya ndani, na bila hiyo huwezi kuwasha TPM wala Secure Boot. Kisha `msinfo32`, `tpm.msc`, `slmgr /xpr` na ripoti ya betri, kwa mpangilio huo. Muuzaji akikataa kukuruhusu kufungua hata kimoja, duka la pili lipo hatua chache tu mbele.